Majani ya Baridi Katikati ya Kaskazi

Habari hii nilipewa na Maryanne, mkaza mwana wa Nyamvula, Ramadhani iliyopita, tukiwa uani tunamenya muhogo wa futari. Yeye hafungi, kanisa lake ni lile la mabati, lakini mkono wake mwepesi kwa kisu na mdomo wake mwepesi zaidi, na mambo yenyewe yalikuwa bado yana moto. Mengine aliyaona, mengine alihadithiwa na wenyewe.

Pale Shika Adabu, Likoni, alihamia mtu akiitwa Mussab. Huyu Mussab ni mtoto wa nyumba za wafanyabiashara wa Mji wa Kale, amelelewa na adabu zote: shikamoo kwa mkubwa, labeka kwa amwitaye, mkono kifuani, jicho chini. Ndugu zake adabu hizo wazitumia kuuza vitambaa na viungo. Yeye alizitumia kuuza vitu ambavyo havipo.

Kisauni aliuza viwanja vya pwani, vizuri sana, isipokuwa maji yakijaa huvioni. Ziwa la Ng'ombe alipokea arubuni za majokofu kutoka Dubai, na mpaka leo wenyewe wameyaachia nafasi jikoni. Chaani aliuza dawa ya kunguni, kunguni wakainenepea. Na kila palipochafuka, yeye alitoka kwa mlango wa nyuma na godoro kichwani, na mkewe Ihsan nyuma yake na masufuria.

Walipofika Shika Adabu, Ihsan aliyaweka masufuria chini, akayapanga kwenye kabati, akamgeukia mumewe.

"Mussab, mtaa huu ndio wa mwisho. Mimi masufuria siyabebi tena. Ukifukuzwa hapa, nenda peke yako, na talaka yangu uiache juu ya hii meza."

"Wallahi, Ihsan, hapa nimekuja kutulia."

"Wallahi zako nimezisikia mitaa mitatu."

Sasa Mussab, na urongo wake wote, kitu kimoja hakuwahi kukidanganya. Alimpenda yule mwanamke. Alimpenda kwa namna iliyomsumbua kama jino, maana ilimzuia kufanya kazi kwa raha. Akatulia. Akatulia vizuri tu, mpaka kaskazi ikapamba moto, na asubuhi moja akasimama karibu na feri kula yai la kuchemsha.

Muuzaji alikuwa Mweri, mama wa kijijini Kwale aliyeolewa mtaani, na beseni lake la mayai na kachumbari. Mteja mmoja, bwana mwenye shati la ofisi, akapasuliwa yai lake, akaliangalia, akaliangalia tena.

"Mama, hili yai limepatwa na nini? Mbona kiini cheupe kama chokaa?"

"La kienyeji hilo, kaka."

"Kienyeji gani? Hili la kuku wa kizungu, anayekaa kwenye waya na kula unga wa gunia. Mwanibadilishia."

"Kuku wangu ana mguu, atembea mtaa mzima."

"Basi atembea akila mchanga." Akamrudishia yai, akaenda zake kwa muuzaji mwingine.

Mweri akabaki ameshika lile yai. "Na kweli wala mchanga," akasema, kama anayejisemea. "Majani yote yameungua. Mchicha wenyewe siku hizi twala kwa kubembeleza, nitampa kuku?"

Mussab aliacha kutafuna. Watu waliomjua wasema jicho lake la kulia hufumba kidogo anapopata wazo. Lilifumba, likakaa hivyo mpaka akafika nyumbani.

*

Kabla ya kumuuzia yeyote ilimpasa ampate Nyamvula. Huyu, jirani yao wa ukuta mmoja, ndiye aliyekuwa na kuku wengi kuliko wote, aliyepika mbaazi za nazi kila alfajiri, na mwenye sauti ambayo ikitaka kwenda ng'ambo haihitaji feri. Alichokula kuku wa Nyamvula ndicho mtaa mzima ungemnunulia kuku wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Si hapo, hapo pana mavi ya kuku."

Mussab, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumshika kuku aliye hai, na harufu ya banda humpandisha tumbo, akakaa pale pale kwa adabu.

"Mama, nina swali. Uholanzi wapajua?"

"Nitapajulia wapi?"

"Huko theluji yaanguka miezi minne. Hakuna jani. Hakuna unyasi. Lakini ukipasua yai la huko, kiini chang'aa kama jua la magharibi. Umewahi kujiuliza kwa nini?"

"Hata sikujua wana mayai."

"Kwa sababu wana majani ya baridi." Akayatamka polepole, kama anayetaja jina la marehemu mtukufu. "Hukatwa kabla ya theluji, hukaushwa, husagwa. Kijiko kimoja juu ya pumba, asubuhi na jioni. Nina ndugu yangu Rotadamu ndiye aniletea."

Nyamvula akajipepea kwa kawa ya kufunikia chakula. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye vifundo vya miguu. "Baridi," akasema. "Na joto hili."

"Ndiyo maana kuku wako wamekosa nguvu, mama. Baridi wataipata wapi?"

Nyamvula akacheka mpaka kuku wakatawanyika. "Lete huo mfuko nijaribu. Wasema vizuri. Hata kama ni urongo, nimeburudika."

Mfuko wenyewe, kama mlivyokisia, haukuwahi kuiona Rotadamu. Mussab alipatana na seremala wa barabarani ampe unga wa mbao bure, akanunua rangi ya keki ya kijani, akamwachia Ihsan kazi ya ndani: kuchanganya, kuanika, kutia kwenye mifuko na kushona midomo kwa uzi. Yeye kazi yake ilikuwa ulimi. Hakuwahi kuufungua mfuko hata mmoja. Alikuwa na kanuni yake, kwamba muuzaji akikiangalia sana anachokiuza hupungukiwa na imani.

"Na kuku wakidhurika?" Ihsan alimuuliza siku ya kwanza, akikoroga ile rangi.

"Mbao haina faida, haina madhara. Kuku atakula, atakunya, yamekwisha. Nani wa kutufukuza?"

Ihsan akaendelea kukoroga.

*

Wiki chache baadaye Mweri alimsimamisha Mussab katikati ya njia. Mussab akatazama kushoto na kulia, kama desturi yake, kupima kichochoro kilicho karibu.

"Kaka Mussab, njoo uone." Akapasua yai mbele yake. Kiini kilikuwa cha manjano nzito, manjano ya embe dodo. "Yule bwana wa shati la ofisi amerudi. Amekula mawili, ameomba radhi. Mungu akupe umri mrefu."

Mussab akasema inshallah, akaenda zake. Akakaa kwenye baraza la duka akafikiri. Unga wa mbao. Rangi ya keki. Viini vya manjano. Mtu mwingine angefika nyumbani akaufungua mfuko mmoja autazame. Mussab alilitafakari jambo hilo kwa njia yake, akapata jibu moja tu: ulimi wake ulikuwa umefika daraja ambayo hakuna tapeli wa Pwani aliyewahi kuifika. Alikuwa amewadanganya kuku.

"Hata kuku, Ihsan," alimwambia mkewe. "Mwanadamu kumdanganya si kazi, ana tamaa. Lakini kuku hajui Kiswahili. Na ameamini."

"Mashallah," Ihsan akasema, akipepeta kitu kwenye ungo bila kuinua kichwa.

"Sasa nataka kupanda juu. Nitawaambia wanawake kwamba meli yaja, imejaa majani tupu. Anayetaka yake alete arubuni mapema."

Ungo ukasimama.

Neno hilo Ihsan alilijua. Ziwa la Ng'ombe lilianza kwa arubuni. Ikitajwa arubuni, godoro lilikuwa linakaribia kupanda kichwani. Akalitazama kabati lake na masufuria yaliyojipanga kwa ukubwa, akamtazama mumewe, ambaye alikuwa akijichekea kama bwana harusi.

"Utaanza lini?"

"Jumatatu."

"Haya," akasema Ihsan. "Ngoja nimpelekee Nyamvula kawa yake." Akatoka, na kawa yenyewe akaisahau mlangoni.

*

Jumamosi, jua limeshapanda, Mussab alikuwa ndani akijifunza hotuba ya meli mbele ya kioo. Mlango wa uani ukasukumwa, Nyamvula akaingia, ushungi umemwangukia shingoni, anahema kama aliyekimbizwa na mbwa.

"Mwanangu, toka. Kuku wamekufa."

"Kuku gani?"

"Uliza wa nani wamebaki. Kile kitu chako kimevimba ndani ya matumbo yao. Mweri amempasua mmoja, amekuta tumbo limejaa kama mto wa sufi. Wanakuja hapa, wote, na kila mtu na maiti yake."

Mussab akakimbilia dirisha la mbele, akafungua pazia kwa kidole kimoja.

Na kweli walikuwa wanakuja. Wanawake wa Shika Adabu, wameshika safu moja njia nzima, leso zimefungwa viunoni. Kila mmoja amempakata kuku wake kifuani, na kila kuku amefunikwa gubigubi: mmoja kwa leso, mmoja kwa foronya, mmoja kwa kitambaa cheupe kilichomvika kuanzia kichwa hadi mkia, kama mtu aliyekwisha kuoshwa. Hapana kuku aliyejitikisa. Hapana mwanamke aliyesema neno. Na hilo la mwisho ndilo lililomtisha Mussab, maana wanawake wa mtaa ule akiwasikia wakigomba huwa hana wasiwasi. Wanyamavu hakuwahi kuwaona.

Alipogeuka, Ihsan alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, mikono kifuani. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anaitazama meza.

"Ihsan, sikiliza."

"Nilikwambia nini siku tuliyohamia?"

"Nakumbuka. Kila neno nalikumbuka." Akamshika Nyamvula mkono. "Mama, nisaidie. Mimi wakinipiga si kitu, nimeshapigwa. Lakini nikifukuzwa hapa nimekwisha. Huyu hanifuati tena."

Nyamvula akajikuna kidevu. "Njia ipo, lakini ni nzito. Nitawaambia dawa ni yangu. Mimi ni mtu mzima, ninao wajukuu, nani ataniinulia mkono? Lakini watanidai fidia."

"Kopo la pesa lile pale juu ya kabati. Lote chukua."

"Na mifuko?"

"Chukua. Na uzi chukua."

"Na jina? Wakisema wewe ndiye mwenye majani ya baridi?"

"Jina lako. Wallahi, mbele ya mke wangu, kuanzia leo majani ya baridi si yangu, sikuyaleta, siyajui. Yote ya kwako wewe na wajukuu wako."

"Umesikia, Ihsan?"

"Nimesikia."

"Basi ruka ukuta, ukajifiche katika banda langu mpaka nikuite. Na usikohoe."

Hivyo ndivyo Mussab, mtoto wa watu, ambaye mavazi yake yalinukia udi hata siku za taabu, alivyoingia kwa magoti kwenye banda la kuku la Nyamvula, akajikunja pembeni, akafunga pua kwa ncha ya kikoi.

Muda ulipita kabla macho yake hayajazoea kiza. Kisha akaona kwamba anatazamwa. Kuku kama kumi walikuwa wamesimama mbele yake, wanene, manyoya yanang'aa, wakimkagua kwanza kwa jicho moja kisha kwa la pili. Jogoo akamdonoa goti. Mmoja akapanda kifuani pake, akazunguka mara mbili, akajikalia.

"Nyinyi si mmekufa?" Mussab akamnong'oneza.

Kuku akafumba macho, akataga.

Na kutoka upande wa pili wa ukuta, kwenye baraza la nyumba yake mwenyewe, akaisikia sauti ya Nyamvula, ile isiyohitaji feri.

"Haya jamani, mfunueni mmoja mmoja. Atakayeshinda kwa unene atapata mfuko wa bure. Mweri, mbona umemvisha wako hivyo, yuwaenda kuzikwa?"

"Nimfunue njiani aonwe na kila mtu?" Mweri akajibu. "Kuku wangu amenona. Macho ya watu hayana pazia. Nimemsomea njia nzima, sikufungua mdomo na mtu."

"Hata mimi," akasema mwingine. "Nilipita kwa yule jirani mwenye kijicho nikashika na pumzi."

Vicheko vikapasuka. Kuku wakafunuliwa, wakaanza makelele yao, wote wazima, wote wakali. Halafu wanawake wakaanza kuagiza. Huyu mifuko miwili, huyu mitatu, huyu wa dada yake aliye Chaani, na Nyamvula akijibu kila mmoja kwa sauti tamu kwamba ndiyo, majani ni yake, aliyekuwa akiyatembeza amemkabidhi mwenyewe, mbele ya shahidi.

Mussab alikaa vile vile, kuku juu ya kifua, yai la moto ubavuni. Kazi yake aliijua, na kazi nzuri akiiona huitambua. Wakati mmoja, Maryanne asema, alisikika ndani ya banda akisema peke yake, kwa heshima kabisa, "Masikini mimi."

*

Adhuhuri ilipokwisha kuadhiniwa akaruka ukuta kurudi kwake, unyoya mmoja kwenye nywele. Ihsan alikuwa ameshapakua wali wa nazi na mayai ya mchuzi. Mussab akakaa mkekani, akalipasua yai kwa kijiko. Manjano ya embe dodo.

"Mlinitilia nini kwenye ile mifuko?"

"Majani ya mlonge uliopo nyuma ya choo cha Nyamvula. Nimeyakausha kivulini. Chicha la nazi la mbaazi zake, lililoanikwa. Vichwa vya dagaa, na magamba ya kome niliyoyatwanga."

"Na unga wangu wa mbao?"

"Naupikia. Huo wali umeivia juu ya unga wa mbao, na wa jana pia. Hujajiuliza mbona siku hizi sikuombi pesa ya makaa? Huu wako wa rangi ya keki huwaka vizuri sana, moshi wake tu ndio wa ajabu kidogo."

Mussab akaweka kijiko chini. Alikuwa ameumia kikweli. "Yaani mimi nimekwenda mtaa mzima nikiwaapia watu kwamba kitu ni kizuri, na kumbe kilikuwa kizuri, na wewe mke wangu wa ndoa ukaninyamazia? Uaminifu uko wapi?"

"Ningekwambia ungefanya nini?"

Akafungua mdomo kujibu.

"Sema kweli, mara moja tu, tupo wawili."

Mussab akafikiri. "Ningetia pumba nusu," akasema.

"Umeona. Ukikijua kitu ni cha kweli, wewe hukipunguza. Ukidhani ni uwongo, huuza kwa moyo wote. Na ungeliacha hapo, tungeendelea hivi mpaka tuzeeke. Lakini ulitaja arubuni."

"Na lile kopo?"

"Nyamvula amelipeleka kwa mwenye nyumba. Kodi imelipwa mpaka mwaka ugeuke, kwa jina langu. Kuhama hatuhami, Mussab, hata ukitaka kukimbilia wapi."

Mussab akautazama wali. Akaitazama meza, ambayo haikuwa na kitu juu yake isipokuwa birika la maji. Akashindwa kukasirika vizuri kama alivyopanga.

"Na mimi nitafanya kazi gani?"

"Nyamvula asema Jumatatu uende na mifuko Chaani. Asema hajapata kumsikia mtu akisema uwongo mtamu kama wako, na sasa kwa kuwa mfuko una kitu ndani, ni uwongo usiomdhuru mtu. Atakulipa ukirudi."

"Chaani hawanitaki. Kuna mambo ya kunguni."

"Utavaa kofia."

"Na huko Uholanzi nipataje, nisipataje?"

"Pataje. Wanawake waipenda ile theluji."

Wakala. Mussab aliongeza yai la pili, na la tatu, akisema ni lazima aijue bidhaa sasa. Joto la mchana likaingia ndani likakaa nao kama mgeni. Barabara ikanyamaza. Kwa Nyamvula hata sauti haikusikika, na Maryanne aliyekuwa huko ashuhudia kwamba mkwewe alikuwa amelala chali penye upepo wa mlango, mdomo wazi, leso usoni, amechoka kwa kuagizwa.

Ihsan akakunja mkeka wa chakula, akatandika wa kulalia. Mussab akajinyoosha, mkono chini ya kichwa, akitazama mabati. Ihsan akalala ubavu, uso kwake, macho wazi. Katika ndoa yao hakuwahi kusinzia mchana na yule mtu yuko macho. Yale majokofu ya Dubai yalizaliwa usiku mmoja yeye akiwa usingizini.

"Ihsan," Mussab akasema. "Bata nao wala nini?"

"Lala."

"Nauliza tu."

"Lala, baba."

Pumzi yake ikaanza kuwa ndefu. Jicho la kulia lilifumba, kisha la kushoto nalo likafumba, na hiyo ilikuwa dalili njema, maana wazo hufumba moja tu. Ihsan akangoja. Akangoja zaidi. Halafu akamsogelea sikioni, akanong'ona polepole:

"Mussab. Kuna mgeni mlangoni, mtu wa bara. Ana pesa mkononi, ataka kununua kiwanja na hakijui."

Mussab akajigeuza ukutani, akakoroma.

Ihsan akaachia pumzi, akajivuta leso mpaka begani, na yeye pia akalala.